Salamu ya Siku ya Mtihani

Sikutaka kuandika habari hii, na nasema mapema ili mtu asije akafikiri nimeipenda. Mwalimu Selestini anakusanya maisha ya wanawake wa Simiyu ayafanye kitabu. Alifika kwangu Migato, akanywa maziwa yangu, akala michembe yangu ya viazi vilivyokaushwa, halafu akaniambia niandike juu ya Felisita. Nikamuuliza, na mimi je? Akasema kila mama anaandika habari za mwenzake, ndiyo utaratibu. Utaratibu gani huo wa kumtoa mtu kwenye pamba akae chini amwandike mtu ambaye hajawahi kuinama kwenye pamba. Mimi kusoma nilifundishwa ukubwani, darasa la watu wazima, na mkono wangu unakwenda polepole. Lakini nimekubali. Nisipoandika mimi ataandika Felisita mwenyewe, na hapo mtasoma mengine.

Basi Felisita ni nani. Ni mama yake Specioza, na Specioza ndiye aliyeolewa na mwanangu Masalu. Mtoto wao Minza ana bibi wawili: mimi Nyanjige niliyemzaa baba, na Felisita aliyemzaa mama. Ng'ombe wetu walitoka Migato wakaenda kwao, wote walioombwa, na mtamba mmoja juu yake mwenye doa jeupe usoni ambaye mpaka leo namkumbuka. Maana yake kwetu kila mtu anaijua. Mtoto ni wa kwetu. Felisita naye anajua. Lakini akiwa na wageni utamsikia anasema "mjukuu wangu Minza", hamtaji mtu mwingine, utadhani huyu binti aliota ukutani kwake.

Nitatoa sifa zake, nisije nikaambiwa nina kijicho. Felisita ni msafi. Alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni huko Bariadi mpaka mgongo ukakataa masufuria, akanunua cherehani, sasa anashona sare za wanafunzi hapo barazani kwake Malambo, humo humo Bariadi. Sare zake zinakaa vizuri mwilini ingawa vifungo havidumu. Mume wake alifariki zamani na yeye hakurudi kwao, alibaki akajenga mwenyewe, bati la rangi, geti, umeme. Makochi yake amevalisha vitambaa vya kufuma, huwezi kukaa bila kuogopa. Ukifika anakuangalia miguu kwanza kabla ya uso.

Minza alipofaulu kwenda sekondari Bariadi, wazazi wake walisema akae kwa Felisita kwa sababu ni karibu na shule. Nikasema sawa, karibu ni karibu. Alipomaliza kidato cha sita nikasema sasa anarudi. Hakurudi. Wakaniambia anajiandaa na mtihani wa kuingia chuo cha sheria, chuo cha mbali, na mtihani wenyewe haufanywi darasani. Unafanywa kwenye kompyuta, ukiwa nyumbani, na kompyuta ina jicho linalokuangalia.

Huo uwakili Minza hakuutoa Malambo. Aliutoa kwangu. Alikuwa mdogo, wazee wakikaa kusikiliza kesi ya ng'ombe walioingia kwenye mahindi ya mtu, yeye anajisogeza pembeni na chungu cha maji kichwani hajakitua, anasikiliza. Jioni anaturudishia kila mtu alivyosema, mpaka kukohoa kwa mzee Ndaki. Tulicheka sana. Felisita wakati huo alikuwa anakoroga maharage ya wanafunzi, hakumwona.

Kwa hiyo nilimwambia Masalu, mtoto aje ajiandae kwangu. Nina sola, nina kimya, nina maziwa. Minza akaja kweli, na kompyuta yake aliyoazimwa na mwalimu. Kwa siku chache nilikuwa mtu. Nilimwekea kiti changu chenyewe. Nilimuuliza mtihani wa sheria unauliza nini, akasema hauulizi sheria hata moja. Wanakupa habari ndefu ya Kiingereza, saa inapungua pembeni, halafu wanauliza maswali juu ya habari hiyo, na mwisho unaandika insha ya kutetea jambo.

"Bibi, hawaulizi nani ana haki," akaniambia. "Wanauliza nani kasema nini. Ukichanganya na unayoyajua wewe, umekosa."

Nikamwambia hapo Felisita angekosa yote.

Lakini mtandao wa Migato mnaujua. Unapatikana ukipanda juu ya mkokoteni karibu na zizi, na hapo mpaka ng'ombe wawe wametoka. Minza alipanda na kompyuta yake mapajani, jua likimchoma, swali likifunguka nusu na nusu nyingine haiji. Mwisho akanipigia magoti akaniomba ruhusa arudi Bariadi. Nilimfungia michembe. Sikulia. Nilimwambia amsalimie Felisita, na kwamba asimpe michembe yote.

Kuanzia hapo nikawa nasikia habari za mjukuu wangu kwa simu, na simu yenyewe ni ya Felisita, maana Minza alizima yake asisumbuliwe. Mimi nina kitochi. Felisita ana ile simu pana inayoonyesha sura. Na alivyokuwa anazungumza, ungesema yeye ndiye anafanya mtihani. Leo tumefanya majaribio mawili. Leo insha imetusumbua. Kamera inataka mwanga utokee mbele, usitokee nyuma. Mtu ambaye juzi tu alikuwa anapima mchele kwa ndoo. Nikikata simu nakaa na jembe mkononi nashindwa hata kulima.

Siku moja ya gulio nikasema nitakwenda mwenyewe. Nilichukua kibuyu cha maziwa ya mgando nikapanda bodaboda. Nilipofika Malambo geti liko wazi, cherehani liko barazani, Felisita hayupo, kumbe alikuwa uani anafua. Nikapiga hodi, nikaingia, nikafungua mlango wa chumba cha Minza.

Alikuwa amekaa wima mbele ya kompyuta kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Aliponiona akasimama, akatoka kwenye kiti, akapiga magoti hapo sakafuni kama nilivyomfundisha.

"Mwangaluka, bibi."

Nikampokea. Salamu yetu Wasukuma ya asubuhi si ya kurushiana njiani. Nilimuuliza uzima wake, naye akaniuliza wa kwangu, wa baba yake, wa ng'ombe, mvua imefika wapi, mtama umesimamaje, na kila jambo linajibiwa, na yeye yuko chini mpaka nimalize. Huyo ndiye Minza wetu. Nilikuwa bado kwenye mvua Felisita alipoingia na mikono yake ya sabuni, akaangalia kompyuta, akashika kichwa.

Kwenye kioo palikuwa na maandishi mekundu. Yalikuwa majaribio ya mwisho, yale ambayo chuo kinayasimamia kwa lile jicho sawasawa na siku yenyewe. Mtahiniwa akitoka kwenye kiti jicho lisimwone, au mtu mwingine akiingia chumbani, mtihani unafungwa. Haya yalikuwa majaribio tu. Ikitokea siku yenyewe, Minza anasubiri mwaka mzima ndipo aruhusiwe tena, na mwalimu alikuwa anataka kompyuta yake.

Felisita alikausha mikono kwenye khanga yake taratibu. Akasema, "Mama Masalu, siku ya mtihani ubaki Migato."

Aliniambia hivyo mbele ya mtoto. Mimi, ambaye ng'ombe wangu wamo kwenye msingi wa heshima yake. Nikamjibu, "Sibaki."

Akamgeukia Minza, akamwambia basi yeye ajifunze kukaa. Bibi akiingia, kaa. Afanye kama hajamwona. Na akamfanyisha zoezi hapo hapo. Ananitoa nje, ananiingiza, Minza akae. Nilikubali, nilitaka kuona. Niliingia mara ya kwanza, Minza akasimama. Mara ya pili akashika kiti kwa mikono yote miwili, na magoti yakashuka hivyo hivyo, na kiti kikaja naye. Felisita akamwambia, mbona mimi unanipa shikamoo umekaa na dunia haiishi. Minza akatazama chini. Akasema hawezi, miguu inakwenda yenyewe. Mimi moyoni nilikula nyama. Kwa Felisita anakaa. Kwangu anashuka.

Ila nikiwa kwenye bodaboda ya kurudi ile furaha ilianza kunichacha. Mtoto angekosa chuo kwa sababu yangu, na Felisita angelisema hilo mpaka siku ya kunizika. Angelisema kwenye msiba wenyewe, na watu wanakula. Na kubaki Migato siwezi, kwa sababu nimeambiwa na yeye. Nikafikiri njia nzima na kesho yake nikichambua pamba, safi huku, fifi iliyochafuka huku, nikapata.

Nilirudi Malambo siku moja kabla ya mtihani, mchana, na mkeka wangu. Nilimwita Minza sebuleni mbele ya Felisita. Nikamwambia apige magoti anisalimie salamu ya leo. Akanisalimia. Nikamwambia sasa nisalimie ya kesho.

Felisita akacheka. Akasema, "Salamu siyo michembe, Mama Masalu, ikaushwe iwekwe."

Minza akashuka tena akanipa mwangaluka ya kesho, yote, na ng'ombe na mvua, nami nikamjibu mvua ya kesho kwa kukisia. Nikamwambia nimepokea. Kesho tukikutana hunidai, sikudai. Ukiniona nipite kama nguzo ya umeme. Nilimwona mabega yake yanashuka. Alinishika mikono akasema wabeja, bibi, ndiyo asante ya kwetu. Hilo neno Felisita hakupewa.

Asubuhi Felisita alikwenda misa ya alfajiri kumwombea, hata Minza hajaamka. Mimi nilikaa kwenye korido. Minza akatoka kuoga akanipita. Macho yake yalinitafuta, magoti yakayumba kidogo, nikageuka nikatazama ukuta. Akaingia chumbani akafunga mlango. Nikatoka nikaweka mkeka wangu mlangoni kwa nje, kwenye mlango mkubwa, nikakaa juu yake.

Wakaja wanaoleta vitambaa vya sare, nikawarudisha. Akaja mwenye maziwa, nikamwonyesha kwa kidole aondoke. Halafu akaja Felisita na rozari yake mkononi, mtihani umeshaanza. Akaniuliza mtoto amekunywa nini. Nikasema hajanywa kitu. Akasema hafanyi mtihani na tumbo tupu kwenye nyumba yake, akaenda jiko la uani akakoroga uji, akaja na kikombe na sahani juu. Wanawake waliopika kwa wengi ndivyo walivyo, wakimwona mtu hajala wanakuwa kama vipofu. Akataka kunivuka.

Nikamshika khanga. "Kaa chini, Mama Specioza."

"Hii nyumba ni yangu."

"Na mtihani ni wa nani?"

Akasimama na uji wake. Nikamwambia jicho lile halijui mwenye nyumba. Nikamwambia kama yeye anaweza kunitaka nibaki Migato, na mimi naweza kumtaka abaki barazani. Alivuta pumzi nyingi. Mwisho akakaa, kwenye mkeka wangu, si kwenye kiti chake cha cherehani. Uji ukapoa katikati yetu ukafanya ngozi. Ndani tulikuwa tunasikia vidole vya Minza vinapiga zile herufi, vinasimama, vinapiga tena haraka kama mvua ya kwanza kwenye bati. Felisita aliniambia kwa sauti ya chini, hiyo ni insha. Nikasema najua. Sikuwa najua.

Mlango ukafunguka. Minza akatoka, uso umechoka, macho mekundu, anacheka. Akasema amemaliza yote na saa ilikuwa haijaisha, na maandishi mekundu hayakutokea. Nikaanza kuinuka.

Akanipita. Akapiga magoti kwa Felisita, chini kabisa, kwenye saruji. Akampa shikamoo, na juu ya shikamoo akampa mwangaluka yetu, nzima, akamuuliza alivyoamka, misa ilikuwaje. Kwa sababu Felisita alitoka alfajiri na alikuwa hajasalimiwa. Na mimi yangu nilikuwa nimekwisha kuila jana.

Felisita alijibu taratibu, neno moja moja, hakuruka kitu. Mvua aliijibu. Mpaka ng'ombe aliwajibu, na hana hata mbuzi. Alipomaliza akaniangalia juu ya kichwa cha mtoto, akasema, "Mama Masalu, mkeka wako ni mzuri." Niliuvuta mkeka wangu, yeye akainuka akiwa bado anatabasamu.

Minza alipata. Majibu yalikuja kwenye ile simu pana na Felisita aliyajua kabla yangu, aliyajua asubuhi na mimi nikaambiwa mchana. Sasa mtoto yuko chuoni, na akipiga simu anampigia Felisita kwanza kwa sababu anamwona sura, halafu mimi napata sauti iliyobaki. Akija likizo anashukia Malambo, kwa sababu ya basi.

Hayo ndiyo maisha ya Felisita, Mwalimu Selestini, nimeyaandika bila kumpunguzia. Sasa na ninyi mnifanyie la kwangu. Kwenye kitabu chenu, jina la Nyanjige litangulie. Na wewe unayesoma, kama uko huko aliko Minza, mtafute leo. Mwambie ile salamu niliyochukua mapema ilikuwa ya siku moja tu, za siku nyingine zote bado namdai, na aje azilete Migato kwanza, kabla hajashuka Malambo. Usimwambie kwa simu. Nenda ukamwambie ana kwa ana.