Mbeleko Iliyokatwa Vipande Viwili

Ukungu bado haujapanda, na Domitila Ndayikeza ameshaingia kwenye chai. Vidole vyake vinakwenda vyenyewe: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi, kisha konzi nzima inarushwa juu ya bega ndani ya kikapu kilichofungwa mgongoni. Hatazami nyuma, na hakuna jani linaloanguka chini.

Yuko peke yake. Wenzake wako safu za juu, wamekaribiana na soga zimekolea, kama ilivyo kawaida ya shamba hili lililo pembeni mwa msitu wa Kibira, nchini Burundi. Yeye amepewa safu ya mwisho, ile ya kando ya mtaro, tangu ugonjwa wa mpox ulipoingia nyumbani kwake. Msimamizi, mzee Minani, hakumfukuza, na Domitila anamshukuru kwa hilo. Alimwonyesha tu safu yake kwa fimbo, akamwomba awe anafika na kupima chai yake baada ya wengine.

"Mama Mapacha!" Sauti inatoka juu, ya jirani yake Spesiosa. "Mbona umekauka hivyo? Sauti haina upele. Imba."

Domitila anacheka. Anaitikia ubeti mmoja wa wimbo wa wachumaji, kisha anarudi kwenye majani yake.

Kikapu kinapokaa sasa ndipo walipokaa wanawe. Ana miaka thelathini na mmoja, na wanawe hao, pacha, wana miaka miwili. Kama ilivyo kwa pacha wote wa huku, aliyetangulia anaitwa Bukuru na aliyefuata ni Butoyi. Kila akitoka kazini alikuwa akiwabeba wote wawili kwenda kuteka maji, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, kwa mbeleko moja ndefu ya kijani.

"Walinicheka sana," anasema. "Wakiniona kwenye mteremko wanasema, tazameni gunia linalotembea. Nami nilikuwa nalalamika kwamba mgongo unauma. Sasa hauumi, na sijui niuweke wapi."

Bukuru alianza na homa. Vikafuata vipele, usoni kwanza, halafu viganjani. Gari la afya lilipokuja, waliambiwa kituo kinamruhusu mzazi mmoja tu kukaa na mgonjwa. Mumewe Ntahiraja, mpasua mbao, aliona aende yeye, kwa kuwa Butoyi hajui kulala bila mama yake. Muuguzi akawaelekeza waliobaki wafanye nini, na akasisitiza kwamba kila nguo aliyolalia mgonjwa ikabidhiwe.

Lakini huku pacha hawapewi kimoja kimoja. Ukinunua shati unanunua mawili. Ukimkaripia mmoja, mwenzake naye anaonja kidogo, asijione ametengwa. Mama mkwe wa Domitila, Bibi Barasukana, alipoona mmoja anapakiwa kwenye gari na mwingine anabaki uwanjani, aliingia ndani akachukua kisu cha kumenyea ndizi na kuikata ile mbeleko katikati. Nusu aliitia kwenye mfuko wa Bukuru. Nusu aliificha chini ya mkeka wa Butoyi, ili watoto wawe kama bado wamebebwa pamoja.

"Niliona," anasema Domitila, na mikono yake inasimama kwa mara ya kwanza asubuhi hii. "Nilikuwa nimesimama mlangoni. Muuguzi alitueleza vizuri, sikuwa mjinga wa jambo lile. Lakini moyo ukaniambia, mwache, wapate walau hicho. Sikusema neno. Mama mkwe analaumiwa peke yake, na macho yaliyoona yalikuwa manne."

Siku kadhaa Butoyi alilala amejifunika kile kitambaa. Revokata, mhudumu wa afya wa kilima chao anayepita kila asubuhi kupima homa, ndiye aliyemkuta ananyonya ncha yake. Kilichomwa nyuma ya jiko. Wiki tatu za kumchunguza mtoto zikaanza upya, safari hii kwa masharti makali: asilale na mtu, asibebwe, aogeshwe kwa glavu, na bakuli lake liwe lake.

Bibi Barasukana hakula siku ile. Alikaa karibu na majivu mpaka jioni. "Nilitaka wasiachane," alimwambia mkwewe. "Nisamehe, mwanangu." Domitila alimjibu kwamba wasameheane wote wawili.

Saa ya mizani inafika. Domitila anasubiri wenzake wamalize, anatua kikapu chake, anarudi nyuma hatua chache ili mpimaji asogee. Zamani alifikisha kilo arobaini kwa siku. Sasa thelathini ni bahati, kwa sababu hatoki nyumbani kabla Revokata hajapita. Zinatosha maharage na sabuni, na sabuni yenyewe, anasema, siku hizi inakula kuliko watu.

Kitu anachokiogopa kiko nyumbani. Uwanjani kwake pana jiwe la kusagia ambalo halitumiki tena. Siku za mwanzo, Butoyi alipomwona mama yake anatokea migombani alikuwa anakuja mbio, mikono juu. Domitila alikuwa anarudi nyuma akipiga makofi, akijifanya ni mchezo, mpaka mtoto anajitupa chini na kulia. Akamfundisha kuishia kwenye jiwe.

"Kumkimbia mtoto wako kwenye uwanja wako," anasema. "Hilo nisingemwombea hata mtu anayenichukia."

Leo Butoyi anatoka mlangoni, anatembea taratibu mpaka kwenye jiwe, anaketi juu yake. Mgongoni amefunga gunzi la hindi kwa kitambaa, kama mtoto. Anamtazama mama yake bila kulia. Hanyanyui mikono.

"Revokata anamsifu, anasema mtoto ameelewa," anasema Domitila kwa sauti ya chini. "Mimi sitaki aelewe."

Kila asubuhi anavaa glavu, anamvua nguo penye mwanga na kumkagua, kisogoni, kwapani, katikati ya vidole. Wiki iliyopita aliona kipele nyuma ya sikio. Hakwenda shambani. Aliketi ng'ambo ya jiwe kutwa nzima, akikitazama kwa mbali, na Bibi akasali mpaka sauti ikakauka. Kesho yake kilikuwa kimenywea. Revokata alisema ni mbu, akacheka, kisha akafuta machozi yake mwenyewe kwa mkono wa shati.

Jioni simu inalia. Ni Ntahiraja, kutoka kituoni. Anasema magamba ya Bukuru yamekaribia kwisha na ngozi mpya inatoka, laini, nyeupe kidogo. Anasema mtoto anagombana na wauguzi, kwa hiyo amepona. Kisha anamsogezea Bukuru simu.

"Toyi?" inaita sauti ndogo.

Butoyi anasimama kwenye jiwe. Anaitazama simu mkononi mwa mama yake, anazunguka kuona nyuma yake, halafu anakimbia hadi nyuma ya nyumba, ambako yeye na Bukuru wamezoea kujificha. Anakaa huko kwa muda. Anaporudi, Bibi ameshapakua viazi na maharage kwenye mabakuli mawili, kama anavyofanya kila siku, na la Bukuru limefunikwa kwa jani la mgomba.

Revokata amesema kama hakutakuwa na kitu hadi Jumatatu, Butoyi atakuwa huru. Kituo nacho kinasema Bukuru huenda akaruhusiwa wiki hiyohiyo. Domitila ameshanunua mbeleko nyingine sokoni, ndefu, moja. Ya kijani hakuipata, akachukua ya manjano. Imeoshwa, inaning'inia ndani juu ya kitanda. Bibi Barasukana amekificha kisu mbali nayo, na hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Anapoulizwa Jumatatu atafanya nini kwanza, Domitila anageukia uwanjani. Anamtazama Butoyi, ambaye analilisha lile gunzi maharage.

"Sitamwita," anasema. "Nimemzuia mara nyingi mno, nitaanzaje kumwita? Nitavua kikapu. Nitakwenda pale kwenye jiwe, niiname, nimpe mgongo, ningoje."

Anakunja kitambaa cha kichwa, anakikunjua.

"Naomba tu awe bado anakumbuka kupanda."