Jioni Bibi Alipolizamisha Jua

Siku hizi kwenye harusi zetu kuna kidude kinachoruka juu ya mahema kikipiga picha, na vijana hata hawainui macho. Mimi huinua. Kikinguruma tu, pua yangu husikia moshi wa mafuta ya mbono, na narudi kijijini kwetu Sironga, msichana mdogo mwenye tope miguuni.

Baba mdogo Nyakundi, kitinda mimba wa Bibi, alikuwa akisomea uhandisi Ulaya. Alifika kututembelea Ijumaa jioni, mvua ikimwagika, akiwa amekumbatia ndege ya mbao nyembamba yenye injini ndogo iliyokunywa mafuta yaliyochanganywa na ya mbono, pamoja na kisanduku chenye antena ndefu. Alisema ndege itaruka angani naye ataiongoza kwa kisanduku hicho, bila hata uzi. Nilimwamini nusu. Jumapili alfajiri angeondoka kurudi Ulaya, na katikati palikuwa na Sabato, Jumamosi isiyoruhusu mchezo wowote.

Nyumbani kwetu Sabato ilikuwa mali ya Bibi. Ilikwisha pale tu aliposema jua limezama, na Bibi hakukubali kwamba jua limezama mpaka kuku walale na mto usionekane tena bondeni. Hapo ndipo alipoanza sala iliyomtaja kila mjukuu na kila ng'ombe mgonjwa. Tulipofumbua macho, giza lilikuwa totoro. Basi nilishinda siku nzima nikiitazama ile ndege juu ya kabati, roho mkononi. Baba aliniambia subira huvuta heri. Nilijiuliza mbona haivuti jua.

Jioni tuliketi uani. Jua lilikuwa bado limeshika ncha za migomba, kuku wakiparua bila haraka. Bibi akajifunga leso vizuri.

"Jua limezama. Tuombe."

Baba akakohoa. "Mama, mbona jua bado liko..."

"Kwani ni wewe uliliweka huko juu? Funga macho." Kisha akaomba: "Bwana, asante kwa Sabato. Amina."

Nadhani hata ng'ombe walishangaa.

Baba mdogo alizungusha pangaboi kwa kidole, injini ikalia, moshi ukatutoa machozi, na ile ndege ikaondoka ardhini. Ilipita juu ya migomba, ikaenda mbali juu ya majani chai hadi nikadhani imepotea. Akasogeza kidole tu, nayo ikageuka ikarudi. Kuku walikimbilia chini ya ghala wakidhani ni mwewe. Mimi nilisahau kupumua. Kitu kisicho na masikio kilikuwa kinaitwa, na kinaitika!

Nikamvuta Bibi leso. "Bibi, angalia juu! Juu!"

"Naona, Kemunto. Naona."

Lakini hakuangalia juu hata kidogo. Alikuwa akimtazama Baba mdogo, aliyekuwa anacheka peku peku kwenye nyasi zenye maji, na nilimkasirikia kwa kukosa ajabu kama ile.

Baba mdogo aliondoka alfajiri. Aliporudi tena, kaburi la Bibi lilikuwa limeshaota nyasi. Mimi nilielewa miaka mingi baadaye, siku nilipomsindikiza kifungua mimba wangu kwenye uwanja wa ndege. Sisi sote jioni ile tulitaka kuona ndege ikiruka. Bibi alitaka kumwona mtoto wake akicheza, mara moja tena, kukiwa bado na mwanga.