Picha Aliyopiga Bibi

Kibandani kwangu Katoro nauza kava za simu na kupiga picha za pasipoti, na wateja wakipungua naota studio yangu mwenyewe, yenye pazia la bluu na kiti cha kuzunguka. Kwa hiyo bibi, mama yake mama, aliponiita Ushirombo nikaone "kisanduku cha marehemu babu yako", sikungoja wiki iishe.

"Mume wangu umefika," akanitania, akaniwekea kisanduku mapajani.

Kilikuwa cheusi, chepesi, ukubwa wa boksi la viatu vya mtoto. Mbele kina jicho moja. Juu kina kidirisha cha kuchungulia, ubavuni kikono cha kubonyeza na kitufe cha kuzungushia filamu. Mgongoni kuna tundu la duara lenye kioo chekundu. Nikachungulia pale, nikaona namba.

"Bibi, filamu bado imo!"

Akakigusa kisanduku kwa kidole. "Basi na ile yangu imo."

Ndipo akanisimulia. Babu alipiga picha za harusi na vipaimara kigango kizima, lakini mwenyewe hakuwa na wa kumpiga. Nyumbani imebaki moja tu, ya kwenye kadi ya ushirika wa pamba, na bibi anasema ile ni ya mtu aliyenuniwa na dunia, siyo mume wake. Siku moja shambani babu akampa kisanduku, akamwambia, leo piga wewe. Bibi akabonyeza. Haukupita muda babu akaugua, akafa, na filamu haikusafishwa.

"Nataka nimwone vile alivyokuwa," akasema. "Hicho tu."

Tukiwa katika hayo akaingia mjomba, kitindamimba wa bibi, katoka machimboni upande wa Bulyanhulu na vumbi lake. Alipoona kioo chekundu, macho yakamtoka.

"Mama! Kumbe tumekalia mali! Hii si ndiyo zebaki nyekundu?"

Huku kwetu hadithi hiyo haifi. Zebaki ya kukamatia dhahabu kila mchimbaji anaijua, inang'aa kama fedha. Lakini wanasema iko nyingine, nyekundu, imefichwa ndani ya vitu vya zamani. Cherehani ngapi nzima zimevunjwa kwa ajili yake! Mjomba alishatoa bisibisi.

"Mjomba, shikamoo, lakini usifungue."

"Marahaba. We dogo wa makava unajua nini?"

"Hicho ni kioo tu, cha kusomea namba ya picha. Ukifungua hapa juani, mwanga utaila filamu yote. Babu atafutika."

"Maneno ya mjini hayo." Bisibisi ikagusa kibanio. Bibi akakumbatia kisanduku kama mtoto anayetaka kunyang'anywa.

Ili aone mwenyewe, nikachukua boksi la biskuti, nikalitoboa kwa sindano upande mmoja, upande wa pili nikabandika karatasi niliyoipaka mafuta ya alizeti. Nikamshikisha mjomba boksi, karatasi ikielekea macho yake na tundu likitazama nje, nikamfunika blanketi kichwani, nikamwomba bibi asimame uani juani.

Mara blanketi likapiga kelele: "Mama! Umening'inia kichwa chini kama popo!"

"Popo ni mama yako!" bibi akajibu, kisha akajisikia mwenyewe, akacheka mpaka akashika ukuta.

Nikamweleza mjomba mlemle gizani kwamba kisanduku cha babu kinafanya hivyohivyo. Jicho linaingiza mwanga, ukibonyeza kikono, kibati kidogo kinafunguka na kujifunga mara moja, na picha inaangukia filamu kichwa chini. Tofauti ni kwamba filamu haisahau. Hakuna betri wala pa kufutia.

Blanketi likatulia. "Na baba yumo humo?"

Mjomba alikuwa mtoto wa mgongoni babu alipofariki.

"Yumo, kama mwanga haujamkuta."

Mjomba mwenyewe ndiye aliyefunga madirisha na kuziba nyufa kwa magunia. Nikazungusha filamu mpaka mwisho, nikaitoa, nikaifunga na kuipeleka Shinyanga mjini kwa mzee mmoja ambaye bado anasafisha filamu nyumbani kwake.

Karibu picha zote zilikuwa ukungu mtupu. Ikatoka moja. Katikati ya pamba amesimama mwanamume mwembamba, mikono hewani, uso umetikisika kama unamwona chini ya maji. Nilimkabidhi bibi huku naomba radhi, kwamba kamera hii unaibana tumboni na haitaki mtikisiko hata kidogo.

"Aliniambia nizuie pumzi," akasema bibi, macho kwenye picha. "Nitazuiaje, na yeye ananichezea ngoma mbele ya pamba? Na huyu naye yuko mgongoni ananipiga mateke." Akapitisha kidole taratibu juu ya ule uso. "Ndiye. Ndiye kabisa. Wabeja, mume wangu." Sikujua anamshukuru babu au mimi.

Mjomba akaichukua picha, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akakaa nayo sana.

"Mama," akauliza bila kugeuka, "alikuwa anachezaje?"

Bibi akainuka, akakaza khanga kiunoni, akamwonyesha.