Anwani Mpya ya Hakim

Hilaire alikuwa mtu wa mpangilio, na mpangilio wake ulikuwa ugonjwa. Hata viatu vya wanawe alivipanga kwa ukubwa. Katika redio ndogo ya mtaani hapa Likasi ndiye aliyetunza tovuti: harusi zikae mahali pake, misiba mahali pake, watu waliopotea mahali pao. Ukichanganya, utamsikia! "Ukurasa usio na mahali pake ni takataka," alikuwa akifoka.

Wiki tatu zilizopita alijiwa na mama Zuhura, muuza mawese. Mwanawe, Hakim Dunia, alikwenda kuchimba madini upande wa Kakanda na simu yake ikanyamaza. Hilaire akamtengenezea ukurasa wenye picha, kisha, kwa kuwa mama hakusoma sana, akamfundisha kuisoma ile anwani ya juu.

"Ni kama anwani ya nyumba, mama. Kwanza redio yetu, hiyo njo mji. Kisha avenue, ile barabara. Kisha nyumba."

Avenue iliandikwa *wanaotafutwa*, nyumba *hakim-dunia*. Mama akafuatisha herufi kwa kidole mpaka akaweza. Hilaire, kwa kujivuna, akamwonyesha na avenue nyingine: *harusi*, *matangazo*, *marehemu*. Nani alimtuma? Tangu siku ile mama hakuiweka simu chini. Aliufungua ukurasa kabla ya kupanga chupa zake sokoni, na tena kila mteja alipoondoka.

Alhamisi, saa tatu asubuhi, Idriss, mjomba wake Hakim aliyekwenda kumtafuta, akapiga simu kutoka Kakanda. Shimo lilikuwa limeporomoka siku nyingi. Sasa wamemtoa.

"Papa Hilaire, tayarisha tangazo, lakini usitoe kwanza. Dada yangu asisikie mpaka tufike. Siye wenyewe njo tutamwambia."

Hilaire alielewa. Nani asiyeelewa? Mama haambiwi kifo cha mwanawe kwa simu. Wazee wanakuja, wanakaa, wanawake wawili wanamsogelea ili wamshike, ndipo mmoja anafungua mdomo.

Akalia. Kisha, maskini, akashika kazi. Alifuta picha na maneno yote, akaacha mstari mmoja tu: Ukurasa unatayarishwa. Halafu akauhamisha kutoka *wanaotafutwa* kwenda *marehemu*, utulie mahali pake ungoje jioni. Mtambo ukaibadilisha anwani palepale, na yeyote aliyebonyeza ile ya zamani ukampeleka kwenye mpya. Hilaire alilijua hilo. Ndiye aliyeupanga hivyo, watu wasije wakapotea. Siku hiyo hakulifikiria, basi.

Saa nne na nusu mama Zuhura alikuwa mlangoni. Peke yake, kandambili mguu mmoja, simu ameinyoosha mbele.

"Papa Hilaire, minye sikusoma mingi. Unisomee weye. Balimuhamisha mutoto wangu ku avenue gani?"

Hilaire akaitazama simu. Hapakuwa na picha, hapakuwa na habari, mstari ule mmoja tu, na juu yake anwani. Alitaka kusema mtambo umekosea. Wallahi, angesema! Lakini kidole cha mama kilikuwa kimeshaanza, herufi kwa herufi, polepole, vilevile alivyomfundisha.

"Mama, tafadhali, keti kwanza. Ngoja Idriss afike..."

Kidole kikasimama.

"Idriss iko anakuya?" mama akauliza. "Anaacha kumutafuta mutoto, anakuya?"

Hilaire akamsogezea kiti. Alisimama pale na aibu yake, akiuchukia unadhifu wake wote. Mama Zuhura alimtazama usoni, akarudisha macho kwenye simu, akamaliza herufi zilizobaki. Hapakuwa na mwanamke wa kumshika. Alianguka kwenye saruji.

Saa kumi wazee walifika kutoka Kakanda na maneno waliyoyapanga njiani. Walimkuta amelazwa kwenye mkeka, simu kifuani.