Namba Aliyoianzisha Bibi

Redio Mbao, jirani wa chumba cha mwisho, ndiye aliyelianzisha bombani: eti kompyuta ya Fundi Saa haizimwi kwa sababu inanasa simu za wapangaji wote. "Kama si hivyo, inaunguruma nini mchana kutwa?" aliuliza, ndoo yake ikifurika asijue.

Mama Kichanga alicheka kimoyomoyo, akabeba maji yake. Ule mlio aliujua tangu alipohamia pale akiwa bibi harusi. Ukuta kati yake na Fundi ni mwembamba, na mwanawe alilala upesi zaidi kwa feni ya ile kompyuta kuliko kwa nyimbo za mama yake.

Enzi hizo mke wa Fundi alikuwa hai, na kompyuta aliiita mke mwenza. Siku moja aliichomoa apige pasi, kazi ya wiki nzima ikayeyuka. Mzee alinuna mpaka chakula kilipoiva, kisha akala, akaomba aongezwe. Bibi alicheka hadi akashika mbavu.

Mzee ndiye aliyemfumbulia Mama Kichanga jambo lenyewe, kwa vibanio vya nguo ambavyo mama huyo alikuwa akianikia nepi. Sita, ukitaka, unavipanga mafungu mawili sawa, au matatu. Saba vinakugomea, labda uviache fungu moja, au kila kimoja kikae peke yake. Namba za namna hiyo hazina mwisho, alisema, ila kadiri zinavyokuwa kubwa ndivyo zinavyokuwa adimu. Watu kila pembe ya dunia wamegawana namba ndefu ajabu, kila mtu anapima yake kwa kompyuta, wakitafuta iliyo kubwa kuliko zote zilizowahi kupatikana. Yeye miaka yote alipata jibu moja tu: siyo.

Na namba hii iliyomo sasa ilianzishwa na bibi. Alikuwa hoi kitandani, akataka asogezewe kibodi, akabonyeza mwenyewe, akisema leo anampa mke mwenza kazi. Wiki iliyofuata hakuamka tena.

Sasa miguu ya mzee imevimba, na binti yake amekuja kumchukua. Amekata maneno: baba twende, hilo dude libaki. Namba haijaisha.

Mama Kichanga alimkuta mzee ameketi kwenye ukingo wa kitanda, sanduku limefungwa, mkono juu ya kompyuta kama anayempima mtoto homa. Mtoto mgongoni akatulia aliposikia feni. Mzee alimwangalia huyo mtoto kwanza, ndipo akasema.

"Mwanangu, chumbani kwako pana nafasi chini ya meza?"

"Ipo, babu."

"Niwekee. Umeme ukikatika usihangaike, siku hizi inakumbuka ilipofika. Ikimaliza, nipigie simu."

Akaitikia kwamba atapiga, Mungu akijalia jibu jema.

"Hapana," mzee akasema. "Hata ikisema siyo, nipigie. Unisomee ilivyoandika, polepole, neno kwa neno."