Mkate Baada ya Wimbo

Alfajiri za vuli mjini kwetu Gonbad, ukungu huamka kabla ya watu. Hulala juu ya mashamba ya pamba, hukizunguka kiuno cha mnara wa matofali, na ndani yake farasi wa mashindano hupita mmoja mmoja, kwato zikisikika kabla miili haijaonekana. Majirani walimjua Aysoltan kwa masikio kwanza. Kwato za farasi mmoja, na juu yake mtu akiimba chini kwa chini.

Baba yake, Nazarguly, alikuwa mfunzaji wa farasi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na mgongo ulipoanza kumsumbua alimpandisha binti yake juu ya Akyel, dume wa rangi ya dhahabu aliyekuwa amewauma wapandaji watatu. Aysoltan hakuumwa.

Jua likishapanda, binti alirudi uani kwa mama yake, Ogulsapar, kutengeneza yale mablanketi mazito ya sufu ambayo farasi wetu huvikwa, moja juu ya jingine, ili watoe jasho na kupunguza mafuta. Wanawake hutandaza sufu juu ya mkeka wa matete, huimwagia maji ya moto, huukunja mkeka, kisha hupiga magoti kwa safu na kuuviringisha kwa mikono, mbele na nyuma, wakiimba wimbo usio na haraka. Tangu alipokuwa mtoto wa farasi, Akyel alikuwa akifungwa pale pale uani. Aliusikiliza wimbo kope zikimlegea, kama mtu anayesimuliwa ndoto yake mwenyewe.

Mwaka huo Aysoltan alipata kibali cha kushindana. Hakuna mwanamke aliyekuwa amewahi kupanda farasi katika uwanja wetu, na mwenye Akyel, Haji Berdi, alikuja nyumbani na uso mzito. Alikunywa chai yake yote, akakifudikiza kikombe.

"Nazarguly, ndugu yangu, mjini wananicheka. Wanasema Haji Berdi kaishiwa na wanaume."

"Wanaume unao, Haji. Farasi ndiye hawataki."

Haji akajikuta ametabasamu. "Haya, mara moja tu. Akiingia watatu wa kwanza, Akyel ni wake kumpanda msimu mzima. Asipoingia, namtafuta mwanaume, na binti abaki na sufu yake. Umesikia, binti yangu?"

"Nimesikia, Haji."

"Huogopi?"

"Naogopa. Ila Akyel sijamwambia."

Lilibaki jambo moja la kumnyima Nazarguly usingizi. Tumbo la Akyel halikupungua.

"Mablanketi saba!" alilalamika. "Shayiri nampimia kwa mkono wangu! Huyu farasi ananenepa kwa hewa?"

Ogulsapar aliinama zaidi juu ya mkeka, akaanza wimbo upya.

Siku ya mashindano, wapandaji walipokuwa wakipanda, Chary, bingwa wa msimu uliopita, alimgeukia Aysoltan.

"Dada, ukitaka kuanguka utuambie mapema, tukupishe."

"Na wewe kaka, ukiuona mkia wa Akyel, usiushike. Si wako."

Wapandaji wengine wakaangua kicheko, Chary naye akacheka kwa shingo upande. Kwenye uzio, hatua chache baada ya mstari wa mwisho, Ogulsapar alikuwa amesimama na majirani zake, shali za maua zikipepea. Hakuwa amewahi kufika uwanjani maisha yake yote.

Malango yakafunguka. Akyel alirusha kichwa na kuvuta hatamu, akitaka kuzimaliza nguvu zake zote hapo hapo. Wanaume walipiga makelele, mijeledi ikalia. Aysoltan, bila kufikiri, alianza kuimba wimbo wa sufu.

Shingo ya Akyel ikashuka. Pumzi yake ikaufuata wimbo, mbele na nyuma, mbele na nyuma, na Aysoltan aliona kana kwamba ardhi ndiyo iliyokuwa ikiviringishwa chini yao, mkeka mrefu wa kahawia usio na mwisho. Hakusikia tena umati. Alisikia harufu ya sufu mbichi na maji ya moto. Singa za farasi zilimpiga usoni laini kama nywele za mtoto, na kwa kitambo hicho hapakuwa na Haji, wala mji unaocheka.

Kisha ikaja kona ya mwisho. Aliinua macho, akahesabu migongo mbele yake: sita. Aliiona kesho yake yote, magoti juu ya mkeka na mtu mwingine juu ya Akyel, na wimbo ukakatika.

Kimya.

Masikio ya Akyel yakasimama, kama ya mtu aliyeitwa kula. Akajinyoosha. Aysoltan hakumpiga, hakumwambia kitu. Alishika singa tu, na migongo ikaanza kurudi nyuma mmoja mmoja. Wa Chary ulikuwa wa nne. Walivuka mstari wakiwa wa tatu, kwa urefu wa kichwa.

Akyel hakusimama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye uzio, akapenyeza mdomo katika mkono wa gauni la Ogulsapar, na kipande cha mkate kikadondoka mbele ya watu wote.

"Ogulsapar!" Nazarguly alikuja akichechemea. "Mkate? Farasi wa mashindano?"

"Kidogo tu, baba Aysoltan. Kila wimbo ukiisha. Sisi tukimaliza kazi si tunakula? Yeye ana kosa gani?"

Haji Berdi alicheka mpaka kofia yake ya manyoya ikaanguka.

"Mwache, ndugu yangu! Na wewe mama, msimu huu mzima usikose kusimama hapa."

Ijumaa iliyofuata ukungu uliamka tena kabla yetu. Tulisikia kwato, tukasikia wimbo ukipita polepole nyuma ya mashamba. Mara ukakatika, na bila kuona kitu tulijua kwamba Akyel anakimbia.