Friji Iliyokataa Salamu

Juma lililopita, kwenye kliniki moja ya Bwera, mpakani na Congo, akina mama walikaa benchi na watoto wa chanjo, na nesi hafungui friji. Skrini ya ofisi ya wilaya kule Kasese, inayoiuliza friji hali yake kupitia mtandao, ilikuwa haipati jibu tangu asubuhi. Amri ikatoka: isipojibu, chanjo zote zimwagwe.

"Lakini iko baridi!" nesi akaipiga friji kofi.

Fundi wa Butembo, aliyeandika programu mpya ya kuijibia friji, aliinamia kompyuta. "Kasese inatanguliza neno la siri, mama. Neno likikosewa, programu inanyamaza tu. Haisemi hata kosa."

"Neno gani?"

"Salamu yenu ya asubuhi. Niliandika *wavukire*."

Nesi akacheka mpaka akashika kiuno. "Hiyo ni ya kwenu Congo! Huku ni *wabukire*, na b!"

Fundi akabadilisha herufi moja. Simu ikalia, ni Kasese: "Bwera imejibu. Digrii nne. Chanjeni!"

"Haleluya!" benchi zima likaitikia.

Mpaka ule naujua. Watu husalimiana kwa v na kwa b, na kila mtu huitikia. Friji peke yake ndiyo iliyodai pasipoti.